Claudette Louie, Mwogeleaji wa Mto Miaat (1957–2023)

Dada yetu Claudette alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Ahousaht, pwani ya magharibi ya Kanada, kifunguamimba wa Mzee Ambrose Charlie na Mama Philomena. Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari mjini Port Alberni, ambako alichukia kila kitu isipokuwa bwawa la kuogelea.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuhesabu samaki aina ya samoni wanaopanda Mto Miaat kwenda kutaga. Alivaa nguo ya mpira na miwani ya majini, akaelea kutoka huko juu hadi baharini, akihesabu wanaompita. Ukingo wa pili aliogelea mwenzake wa kazi, Wilfred, ambaye hesabu yake ilizidi kila mara.

“Wewe! Samaki mmoja umemhesabu mara tatu!”

“Sasa nifanyeje, na yeye anarudi kunisalimia?”

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1984, wakajaliwa binti, Noreen.

Mwaka 1996, milima iliyokatwa miti ilipomwaga matope mtoni, Claudette aliwaomba machifu nyavu zipumzike. Baba, aliyeuvua mto ule tangu ujana, alifura.

“Mwanangu wa kumzaa unanitoa tonge mdomoni?”

Akamnunia. Claudette alimpelekea nguo ya mpira mlangoni. “Baba, twende ukaone mwenyewe.”

Watu walicheka, mzee wa miaka sabini! Lakini aliingia. Alipotoka alikaa juu ya jiwe, miwani hakuivua, tusije tukayaona macho yake. “Maji matupu,” alisema. Siku hiyo hiyo aliukunja wavu wake mbele ya watu, na wengine wakafuata. Kwa miaka saba tulikula samaki wa kopo. Wapo waliomwita dada Bibi Kopo, naye aliitika. Nyavu ziliporudi majini, Baba alikuwa bado hai, akawahi kuonja.

Februari 2022 dada aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Wilfred alimuuguza nyumbani, akimpikia mchuzi wa vichwa vya samaki hata alipokuwa hawezi kuumeza. Dada alisema harufu inamtosha. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2023 binti yangu Trina, aliyerithi kazi yake ya kuhesabu, alimjia kutoka mtoni nywele zikichuruzika.

“Shangazi, wako wengi!”

“Wengi si hesabu, we mtoto. Wangapi?”

Trina akamtajia.

“Hebu rudia.”

Akarudia. Dada alicheka mpaka akakohoa, kisha akalala. Jioni alituaga.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na sisi wadogo zake watatu.

Dada, amani iwe nawe huko ulikolala. Kesho Trina anaingia majini.