Wasikilizaji Thelathini na Wanane wa Testour

Sisi wa benchi la kahawa hapa uwanjani Testour hatujisifu ovyo. Tunajisifu kwa sababu tunacho cha kujisifia. Wengine wana bandari, wengine wana viwanja vya ndege. Sisi tuna saa ya msikitini inayozunguka kwenda kushoto, tuna makomamanga, na tuna seva yetu wenyewe, ndogo kama boksi la viatu, imekaa juu ya rafu kwenye stoo ya mkahawa. Humo mna nyimbo mia sita za maluf, muziki wetu wa kale, tulizozikusanya nyumba kwa nyumba, kaseti kwa kaseti, na mtu yeyote duniani anazisikiliza kwenye intaneti bila kumwomba mtu. Sasa Jumatano hiyo asubuhi seva ilikuwa taabani. Prosesa yake, yaani ubongo, ilikuwa inakimbia kwa asilimia tisini na tisa siku ya tatu mfululizo, na nyimbo zinakwamakwama. Na saa nne anakuja Bi Souad, binti wa marehemu mpiga udi Khemais, na kaseti kumi na moja za baba yake ambazo hazijawahi kusikika nje ya nyumba yao. Watu wa mji mkuu nao wanazitaka. Bibi huyo alishatuambia kwa simu: nikikuta mashine yenu inakwama, nazipeleka Tunis.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Injinia, yaani Lamjed aliyeiunda hiyo seva, alikuwa na kompyuta magotini na jasho usoni.

Injinia: Tisini na tisa. Haishuki hata kidogo.

Komamanga: Joto hilo! Miti yangu ikipigwa na jua la mchana inanyauka, sembuse kiboksi?

Huyu Komamanga ana shamba bondeni. Kwake kila ugonjwa duniani ni wa mti.

Injinia: Kaka, inapata joto kwa sababu inafanya kazi kupita kiasi. Ninachotafuta ni kazi gani.

Majira: Mimi nawaambia ni saa. Mashine si ina saa yake ndani?

Injinia: Inayo.

Majira: Inazunguka upande gani?

Injinia: Haizunguki, Majira. Ni namba tu.

Majira: Ahaa! Yenyewe inakwenda mbele, halafu hatua hamsini tu kutoka hapo ya msikiti inarudi nyuma. Hata wewe ungechanganyikiwa!

Majira anatengeneza saa za mkononi tangu tukiwa vijana, kwa hiyo tuliitikia kwa vichwa kwa heshima. Aliyeivunja heshima hiyo ni Kamanda. Huyu alikuwa sajini wa polisi. Amestaafu yeye, upelelezi wake haujastaafu.

Kamanda: Acheni utoto. Tumeingiliwa. Kuna watu humo wanachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wetu.

Injinia: Nimeshaangalia, hakuna programu ngeni. Kinachokula prosesa ni programu yetu wenyewe, ile ya kuhesabu wasikilizaji.

Mimi: Si kwa sababu wameongezeka! Hebu oneni, thelathini na wanane!

Nikainua simu waone, ingawa kila mmoja alikuwa nayo yake mkononi, imefunguliwa palepale. Injinia alituwekea ukurasa wenye namba kubwa ya kijani: wanaosikiliza sasa hivi. Wiki iliyopita walikuwa wanne, watano. Tangu Jumatatu, habari za Bi Souad zilipoenea na kila mtu akataka kujua tumefikia wapi, namba imepanda kama maziwa jikoni. Mwenye mkahawa akaiweka hata kwenye televisheni ya ukutani badala ya mpira. Niseme ukweli, nilikuwa nikiitazama najiona mrefu.

Komamanga: Mji gani mwingine una wasikilizaji thelathini na wanane asubuhi ya siku ya kazi?

Majira: Tunis yenyewe hawana!

Injinia: Sawa, lakini thelathini na wanane ni wachache. Mashine hii inabeba mia tano bila kuhema. Ngojeni niangalie wanaingilia wapi. Kila anayeingia anaacha anwani yake ya intaneti.

Akabonyeza, akasoma, akakuna kichwa.

Injinia: Ajabu. Karibu wote wanatoka anwani moja.

Kamanda: (akipiga paja) Si niliwaambia? Adui mmoja! Yuko wapi?

Injinia: Humu humu nchini.

Kamanda: Basi ni wakala. Katumwa.

Majira: Na nani?

Kamanda: Hispania.

Komamanga: Wee! Hispania imetokea wapi tena?

Kamanda: Sikiliza, bwana. Babu zetu walifukuzwa Andalusia, huko huko Hispania, miaka mia nne iliyopita. Waliacha nyumba, waliacha mashamba. Nyimbo je? Waliondoka nazo! Sasa wenyewe ndio wameshtuka. Wanafungua makabati, maluf hamna. Wanaivuta kupitia intaneti, kidogo kidogo.

Majira: Wallahi inaingia akilini.

Komamanga: Hawapati hata kipande!

Mimi: Waje wenyewe hapa waombe kwa adabu!

Benchi zima lilikaa wima. Kuibiwa na nchi nzima si jambo dogo, jamani. Si kila mji unaibiwa na Hispania.

Hapo ndipo Bi Souad alipofika, kabla ya saa yake. Mwalimu wa shule, mtandio wa kijivu, kikapu mkononi. Akasalimia, akakaa, akakipakata kikapu.

Bi Souad: Ndiyo mashine inayokwama?

Kamanda: Bi mkubwa, utuwie radhi. Tuko vitani.

Bi Souad: Na nani?

Kamanda: Hispania.

Hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, akachungulia mkahawani kwa wacheza karata.

Bi Souad: Kwenye hizo simu mnatazama nini?

Mimi: Idadi ya wasikilizaji, dada. Fahari ya mji.

Bi Souad: Na wale wa ndani?

Mimi: Idadi hiyo hiyo. Meza zote.

Bi Souad: Mnatumia intaneti ya nani?

Majira: Ya mkahawa. Ya bure.

Injinia alifumba macho. Alipoyafumbua akaitazama tena ile anwani, taratibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye hati ya mashtaka.

Injinia: Ni ya hapa. Anwani ni ya mkahawa huu.

Kamanda: Wakala yumo humu ndani?

Injinia: Ule ukurasa unauliza namba mpya kila sekunde mbili. Na kila ukiuliza, mashine inasoma daftari lote la wageni tangu mwaka wa kwanza. Halafu anayetazama namba naye inamhesabu kuwa msikilizaji. Nimeuandika mwenyewe, nilikuwa na haraka muuone.

Kamanda: Kwa hiyo Hispania...

Injinia: Hispania ni sisi, Kamanda.

Tuliufunga ukurasa ule kila mtu kwa mkono wake. Nikaingia ndani kuwafokea wacheza karata, nikazima televisheni, wakanitukana. Nje Injinia alikuwa anasoma asilimia za prosesa kwa sauti: themanini, arobaini, kumi na mbili, nne. Ikatulia hapo. Siku tatu tumeipanda mgongoni na haikuzima! Mashine yetu hiyo, na nitaisifu mbele ya yeyote.

Kisha Injinia akatuonyesha kwenye kompyuta yake idadi ya wanaosikiliza nyimbo zenyewe.

Komamanga: Wawili? Dunia nzima, wawili?

Bi Souad akaingiza mkono chini ya mtandio, akachomoa kispika cha sikioni. Udi ulisikika humo, mdogo, safi, bila kukwama.

Bi Souad: Mmoja ni mimi. Nasikiliza kila asubuhi nikienda shuleni. Tangu Jumatatu nilikuwa sipati wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Wa pili ni nani?

Majira akatazama kikombe chake. Kamanda akakohoa. Mimi niliyebeba kaseti mia mbili kwa mikono hii nilitia simu mfukoni, maana sikumbuki mara ya mwisho kusikiliza hata moja.

Injinia: Simjui. Yuko mbali, nje ya nchi. Ninachoona ni kwamba amekuwemo siku zote tatu. Wimbo mmoja tu. Ukikwama, anauanza upya.

Bi Souad alikifunua kikapu, akazitazama zile kaseti za baba yake. Kisha akainuka, akakiweka kikapu kwenye magoti ya Injinia.

Bi Souad: Basi hizi nimemletea yeye.