Volkmar Diehlmann, Aliyemeza Bila Kukiri

Marehemu Volkmar Diehlmann alizaliwa mjini Mainz tarehe 9 Novemba 1943, mtoto wa pekee wa fundi mapipa na mkewe. Baada ya vita mapipa hayakuwa na wanunuzi, kwa hiyo alikulia katika nyumba yenye mbao nyingi na chakula kidogo. Hakuwahi kusema kwamba utoto wake ulikuwa mgumu. Alisema tu kwamba majirani walikuwa wabaya.

Alisoma Mainz hadi mwaka 1960, alipoacha shule baada ya kumwonyesha mwalimu wa Kilatini makosa yake mbele ya darasa zima. Akajifunza kazi kwa mfanyabiashara wa mvinyo, na mwaka 1965 akapelekwa Reims, Ufaransa, kuisoma shampeni. Alikwenda kwa mwaka mmoja. Waliomfahamu wanasema hakurudi. Aliyerudi ni mtu mwingine aliyevaa skafu.

Mwaka 1971 alifungua duka lake karibu na kanisa kuu, akawauzia shampeni mahakimu na madaktari wa meno. Divai ya povu ya Ujerumani hakuiruhusu kuvuka kizingiti. Aliwaambia wateja inafaa kuoshea magurudumu ya gari. Tumtendee haki, wakati huo hakukosea sana: nyingi ilitengenezwa viwandani kwenye matangi, ikatiwa sukari ya kuficha mengine yote, na kesho yake kichwa kilitoa ushahidi. Baadaye mambo yalibadilika, lakini yeye alikuwa ameshatoa hukumu.

Alifunga ndoa na Gerlinde tarehe 24 Mei 1969, na mwaka 1973 wakajaliwa binti, Friederike. Jumapili baada ya chakula marehemu alimwekea mtoto gilasi sikioni asikilize povu. Ikinong'ona, alimfundisha, ni ya Ufaransa. Ikipiga kelele, ni ya kwetu. Walicheka wote wawili. Hawakucheka pamoja mara nyingi, ndiyo maana jambo hili limeandikwa hapa.

Mwaka 1999 Friederike aliolewa na Gernot Schuck, mkulima wa zabibu wa Hattenau, katika bonde la Nahe. Gernot alitengeneza divai ya povu kwa njia ileile ya Wafaransa: inachachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, inalala juu ya hamira yake kwa miaka, na kila chupa inageuzwa kwa mkono. Siku ya harusi marehemu alikuja na shampeni yake kwenye kikapu, akajimiminia mbele ya wazazi wa bwana harusi.

"Msiudhike, wakwe zangu," alisema. "Ni kwa ajili ya tumbo."

Waliudhika kwa miaka kumi na mitano. Kibaya zaidi, kila muuza mvinyo wa Mainz ambaye Friederike alimpelekea chupa zake alimuuliza jambo moja: mbona baba yako haziuzi? Shamba la Hattenau haliwezi kuishi bila wanywaji wa mjini, na wanywaji wa mjini walimsikiliza mtu mmoja.

Msimu wa mavuno wa 2014 Gerlinde alimburuta mumewe hadi Hattenau akaonje. Wenye kazi hii huonja na kutema. Kumeza ni kwa wateja. Marehemu alijisifu kwamba divai ya povu ya Ujerumani haijawahi kumpita kooni. Akawekewa ndoo miguuni. Gernot akamimina iliyolala miaka mitano. Mzee akanusa, akaonja. Friederike hakumtazama usoni; alitazama ndoo. Ilibaki kavu.

"Baba Friederike," Gerlinde akamwambia, "tumbo linaendeleaje?"

Alijibu kwamba divai imepungukiwa sukari kidogo, akasogeza gilasi ajaziwe tena ili aithibitishe kasoro hiyo. Aliithibitisha mpaka chupa ikaisha.

Jumatatu alifungua duka na kuendelea na habari za magurudumu. Mwaka 2017 akina Schuck waliuza nusu ya shamba, ule upande unaopata jua.

Gerlinde alifariki mwaka 2018. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, na Januari mwaka huu akalazwa. Friederike alikwenda kila Jumapili, wakazungumzia hali ya hewa na ubaya wa supu ya wodini. Jumapili ya mwisho alimuuliza, bila kupaza sauti, kwa nini siku ile alimeza.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri."

"Ulijua palepale?"

"Nilijua nilipoinusa."

"Na dukani?"

"Miaka arobaini nimewaambia watu kitu kimoja. Ulitaka niwaambie nini, kwamba nilikuwa mjinga?"

"Ndiyo, baba. Mara moja tu ingetosha."

Akageukia ukutani, akamwomba muuguzi avute pazia. Friederike alikaa mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Hawakusemezana tena. Volkmar Diehlmann alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha binti, Friederike, mkwe, Gernot, wajukuu wawili, Lene na Mattes, na wateja wa duka, ambao wengi wenu mmesimama hapa. Alikufa bila kuwaambia. Sasa mmeambiwa. Kumsamehe ni jambo jingine, na familia bado haijalifikia.

Mungu ampe mapumziko yenye amani.