Kwaya Mbele ya Maporomoko ya Murchison

Jumamosi ile ya mwaka wa sabini, benchi la Kitonga muuza kahawa, pale Kaloleni, lilijaa hadi watu wakakalia matofali. Kwaya ilikuwa imerudi kutoka Uganda. Naftaly, kiongozi wa kwaya, ambaye mtaa mzima ulimwita Honi kwa ile sauti yake ya kutikisa mabati ya kanisa, alikaa pembeni. Alikuwa amekuja kuwaambia wenzake kwamba anaacha kuongoza. Kule kwenye maporomoko ya Murchison, ubeti wa pili tu, sauti ilimpotea. Akabaki kuchezesha midomo na kupunga mikono, huku waimbaji thelathini wakimwimbia Mungu mbele yake. Aibu ilimkaba mpaka leo.

— Ndovu nimeona, viboko nimeona, alisema Shitanda, mwimbaji wa sauti ya besi. Mamba wamejianika huko chini kama magogo. Lakini yale maji, bana! Nile yote inajipenyeza mahali lori tatu hazitoshi!

— Wacha! alisema Kitonga.

— Haki ya Mungu! Ardhi inatetemeka, unaisikia kwa magoti. Hata mwenzako akikupigia kelele sikioni, humsikii!

Bedan, mwanakwaya mwenzao aliyeitwa Profesa kwa sababu alifagia maktaba ya chuo kikuu, akakohoa.

— Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Chini ya ule mwamba kuna pango tupu mpaka Mombasa.

— Pango gani, wewe? alisema Shitanda. Ile ni sauti ya siku ya kuumbwa dunia. Mungu alisema "na iwe", mwangwi ukakwama pale.

— Ndiyo maana ndovu ana masikio makubwa! alidakia Profesa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wamesikiliza miaka elfu, masikio yakavutika.

Watu wakacheka. Naftaly hakucheka. Aliyakumbuka yale manyunyu usoni, na jinsi alivyojishika koo kuhakikisha bado analo. Aliogopa siku ile, na hajawahi kufurahi vile.

— Na bado tukaimba beti zote nne! Shitanda alijigamba.

Wakiuru, mama aliyehamia mtaani wiki hiyo, alikuwa amesimama akingoja kikombe chake.

— Samahani, baba. Kama hamkuwa mnasikiana, mlijuaje mmemaliza?



— Kisayansi… alianza Profesa, akaishia hapo.

Shitanda alikodolea kikombe macho.

— Mimi niliachia ubeti wa pili, alisema polepole. Nikawa natafuna hewa tu. Nikaomba Honi asinione.

— Mimi hata wa kwanza sikumaliza, alisema Profesa. Niliona nyinyi mnaimba.

Naftaly aliwatazama. Midomo thelathini ikifunguka na kufumbika, na huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa akiimba. Mwili ulimsisimka, machozi yakamlengalenga, na hakujali nani anamwona.

— Hata mimi, alisema. Hata mimi, ndugu zangu.

Kitonga aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeinuka.

— Kesho saa mbili kamili, kanisani, alisema Naftaly. Tunaanza ubeti wa kwanza.