Uyoga Aliouchuma Shangazi

MSUSI: Haloo? Shangazi, ni wewe?

SHANGAZI: Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

MSUSI: Mimi, wa saluni! Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mama. Mbona asubuhi-asubuhi? Nani kaachwa?

MSUSI: Leo hakuna umbea. Ni mume wangu. Ule uyoga uliotupatia juzi aliumaliza peke yake, sikubakiziwa hata mchuzi. Usiku akaanza kutapika, jana kutwa hatoki chooni—

SHANGAZI: Na sasa?

MSUSI: Sasa mzima! Anapiga pasi shati, anaenda gereji.

SHANGAZI: Asiende.

MSUSI: Nini? Unakatika-katika.

SHANGAZI: Hospitali, sasa hivi! Uyoga mbaya humwachia mtu siku moja apumue, kumbe ndani unamla ini.

MSUSI: Nimemwambia, kanicheka. Eti uyoga wa Shangazi haujawahi kuua hata nzi. Anadai ni kiporo changu.

SHANGAZI: Umebaki hata mmoja?

MSUSI: Huu hapa, mbichi, haukuingia sufuriani.

SHANGAZI: Pindua kofia. Ile mistari ya chini, myeupe au ya waridi?

MSUSI: Myeupe pee.

SHANGAZI: Na mwisho wa shina?

MSUSI: Kuna kimfuko, kama ganda la yai lililopasuka. Lakini Shangazi, si uliuona? Wewe ndiye uliyetufundisha kuukimbia wenye kimfuko! Haloo? Huu mtandao nao—

SHANGAZI: Nipo. Weka spika.

MSUSI: Shangazi—

SHANGAZI: Weka spika, nimesema! Mkwe wangu, unanisikia? Sikuuona. Macho yangu yamekwisha tangu mvua za mwanzo. Nachuma kwa kupapasa na kunusa, nyie mnanisifu, nami nanyamaza. Si kiporo. Ni mimi.

MSUSI: Ameketi. Pasi bado kaishika.

SHANGAZI: Chomoa hiyo pasi! Funga huo uyoga kwenye karatasi, daktari auone. Pandeni pikipiki, msingoje gari.

MSUSI: Mbona hukuniambia? Ningekuja—

SHANGAZI: Ungekuja, halafu ungenikataza msitu.

MSUSI: Haya, anavaa viatu. Tunatoka. Ngoja! Shangazi, ule uyoga ulimpa nani mwingine? Shangazi?

SHANGAZI: Kata simu, mwanangu. Nina nyumba tatu za kupigia.