Mama wa Siku ya Nne

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya na wa mtaa, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Mgaya na wa Kihwele tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Evarista Sosthenes Mgaya, mke wa fundi Silvester Kihwele, ambaye wengi wenu mlimwita Mama wa Siku ya Nne, na tunaomba mtuvumilie, maana safari yake ina mahali panapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Sosthenes Mgaya, akasoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na ingawa alifaulu hakuendelea, kwa sababu mwezi Novemba mwaka huo mama yake alifariki na wadogo zake watatu walihitaji mtu wa kuwapikia. Msiba ule ulifurika watu, siku ya tatu tanga likaanuliwa, wageni wakaondoka na masufuria yao, na siku ya nne binti wa miaka kumi na minne akabaki na rundo la mablanketi machafu. Alikuwa akisema kwamba siku hiyo ya nne ndiyo iliyomfundisha maana ya kufiwa.

Mwaka 1980 alijifunza ushonaji Mafinga, tarehe 15 Oktoba 1983 akafunga ndoa na fundi Silvester, seremala, wakajaliwa watoto watatu, Philbert, Eveline na kitindamimba Gloria. Fundi alitengeneza vitanda, makabati na majeneza ya mbao za paini, marehemu akashona vitambaa vya ndani na mto mdogo wa kichwa, na kila jeneza lililotoka katika karakana yao yeye alilifuata, ila si siku ya maziko, kwani alisema siku hiyo wapo wa kutosha wa kulia na wa kula, bali siku ya nne, akiwa na ndoo, mche wa sabuni na unga wa ulezi. Alifua mablanketi, akakoroga uji, akakaa na mfiwa bila kumhubiria, wala hakuuliza mtu dini yake, hata fundi akawa anatania kwamba alioa nusu mke, nusu nyingine ikawa mali ya wafiwa. Alipoulizwa sababu, alijibu tu kwamba Bwana Yesu naye alilia na waliofiwa.

Sasa tunafika panapouma, na tunalisema hili kwa ruhusa ya Gloria mwenyewe. Tarehe 12 Februari 2021 alizikwa mzee Muharami, mwenye duka Nyololo, na tarehe 15, ikiwa ni siku ya nne, marehemu alikuwa kwa mjane wake, Bi Waridi, akifua, simu ilipoingia kwamba mtoto wa Gloria, mwenye siku tisa tu, amefariki kule Ubaruku alikoolewa. Marehemu alilia sana, lakini mazoea yana taabu, akahesabu siku kama alivyozihesabu kwa watu wote, akasema siku za kwanza watu watakuwapo, yeye atafika ya nne, na sisi wengine tukatuma salamu tukijua mama yupo. Alisahau jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua, kwamba msiba wa kichanga hauna tanga, mtoto huzikwa na akina mama wachache asubuhi kisha kila mtu akarudi kwake, na huko Ubaruku ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, na mume wa Gloria alikuwa safarini Tunduma na lori la mchele. Gloria alikaa peke yake siku tatu akitazama barabara. Marehemu alipofika tarehe 18 na ndoo yake, alikuta mablanketi yamekwisha kufuliwa, yako kwenye kamba, na binti yake akamwambia, “Mama, mimi siyo jirani.”

Marehemu alipiga magoti, mzazi mbele ya mtoto, akaomba msamaha. Tangu siku hiyo shikamoo iliitikiwa marahaba, zawadi zilikwenda na kurudi, lakini lile ombi halikujibiwa kwa miaka minne.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo, tarehe 2 Aprili akapewa rufaa kutoka Mafinga kwenda Mbeya, ikagundulika ni saratani ya kongosho, na Gloria alifika siku ileile kabla faili halijafunguliwa, akabaki miezi minne, akimwogesha, akimfulia, akimlisha kwa kijiko. Tarehe 9 Agosti marehemu alipokea mpako wa wagonjwa, na tarehe 11 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akaaga dunia nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 63, Gloria akiwa jikoni anakoroga uji. Alikuwa amepanga kumjibu mama yake asubuhi hiyo, baada ya uji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mafinga na Mbeya, majirani, jumuiya, mafundi wenzake na fundi Silvester, na Bi Waridi, ambaye hakungoja siku ya nne, amekuja na ndoo tangu juzi. Jeneza mnaloliona limetengenezwa na fundi mwenyewe, kitambaa na mto vimeshonwa na Gloria kwa cherehani ya mama yake, na kama mshono wa mto umepinda, mtuwie radhi, aliushona akilia.

Tanga litaanuliwa keshokutwa, na siku inayofuata tutajua kweli nani ametutoka. Mama Evarista, Gloria ametutuma tukujibu mbele ya watu wote, kwamba alikusamehe zamani, akakosa tu siku ya kusema. Pumzika sasa, mama yetu, amani ya Kristo ikupokee.