Mustafe Barre Hatalipiwa Ngamia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mustafe Barre alizaliwa tarehe 14 Machi 2001 huko Balambala, na mama yake alipofariki akalelewa na bibi yake, Ramlo, ambaye ndiye aliyetamka maneno haya yaandikwe, na mjomba Abdihafid anayewasomea ameambiwa asiruke mstari, maana bibi anamsikia kutoka upande wa wanawake.

Alianza shule Balambala mwaka wa 2008, akamaliza kidato cha nne Garissa mwaka wa 2019, si kwa alama za kupigiwa makofi, bibi hatampaka marehemu rangi. Januari 2020 aliingia soko la mifugo akawa dalali, na huko hakuna aliyemshinda kushikana mkono na mnunuzi chini ya shuka na kuelewana bei kwa vidole.

Tarehe 9 Desemba 2022 alimwoa Nasteho wa Habaswein, wakajaliwa binti, Bilan, tarehe 3 Februari 2024, ambaye sasa anaita aabo, yaani baba, kila mwanamume anayevua viatu mlangoni.

Hapa kwa kawaida husomwa ugonjwa. Mustafe hakuugua hata mafua. Ijumaa tarehe 18 Julai 2025, akitoka sala ya alasiri, vijana wa genge walimzuia kwa pikipiki wakataka simu, akawapa, na wakamchoma kisu hata hivyo, kwa sababu alimtambua mmoja wao akamwita kwa jina. Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 20, akiwa amekwisha kuwatajia polisi jina hilo.

Jina si geni. Ni kijana yule yule aliyemuua Hamse, mtoto wa jirani yetu Hinda, mwaka jana, wazee wakakaa, mag, fidia ya damu, ikalipwa, ngamia wakapokelewa, maelezo yakaondolewa kituoni, na kijana akarudi kwenye pikipiki yake. Kisha mkubwa mmoja akasema redioni kwamba mauaji ya magenge nchini yanapungua mwaka hadi mwaka, na sisi tukasifiwa kwa utulivu. Yatakosaje kupungua? Hamse hakuhesabiwa popote, aliondoka kwenye takwimu akiwa amepanda ngamia.

Sasa kaburi la Mustafe halijakauka, wazee wa upande wa pili wamefika na ahadi ya ngamia mia, wakimwambia bibi, ayeyo, tusiharibu ujirani, na wazee wetu wenyewe wameshaanza kuwatafutia malisho. Bibi aliwauliza kama ngamia hao wanajua kutoa ushahidi. Mmoja akanung'unika kwamba mwanamke mzee hawezi kuamulia ukoo mzima, akaambiwa anywe chai yake kabla haijapoa. Nasteho na bibi wameandikisha maelezo, na hawatayaondoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku mbili, majirani waliochimba kaburi juani, madalali wenzake walioacha soko wakaja kumswalia, na wazee pia kwa kuja, chai mmekunywa, ngamia rudini nao. Kesi inatajwa Jumatatu tarehe 28 Julai, na safari hii wanaohesabu mauaji ya nchi hii wataongeza mmoja, wapende wasipende.

Pumzika kwa amani, Mustafe. Yule uliyemwita kwa jina, sisi tutamwita tena, mbele ya hakimu.