Mama Wazo na Mlango Uliogoma Kufunguka

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuratibu huduma ya jamii ya kanisa letu, Mama Wazo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kazini, na likamganda. Mimi niliyekaa naye ofisi moja naandika haya kwa furaha, ila niseme wazi, sitaki aondoke.

Alipoanza kazi, huduma ya jamii ilikuwa kabati la mitumba na meza yenye mguu mmoja mfupi. Akaanzisha maombi ya Alhamisi jioni, na ombi lilikuwa moja tu: Mungu atupe ubunifu wa kuwafikia majirani. Baada ya maombi kila mtu alitoa wazo, na ilikuwa marufuku kucheka kabla mwenye wazo hajamaliza. Marufuku hiyo ilitutesa. Kuna mwaka tulipanda mboga ndani ya matairi mabovu, mbuzi wakazimaliza. Kuna mwaka kwaya ilicheza mpira na vijana wa mtaa, tukafungwa mabao tisa na mchungaji akatoka uwanjani akichechemea. Alhamisi iliyofuata Mama Wazo alikuwa palepale, anaomba upya.

Mambo yalikuja kuwa mazito pale baraza la wazee lilipoona majirani wanachukua nguo na kuondoka bila hata kuketi. Likaamua kwamba hali isipobadilika hadi mwisho wa mwaka, huduma ifungwe na ukumbi ukodishwe kwa mfanyabiashara wa saruji. Mama Wazo aliumia sana. Akaitisha maombi maalumu.

Jioni hiyo makamu mwenyekiti wa huduma alifunga mlango kwa ufunguo ili tusisumbuliwe. Tukaomba kwa machozi kwamba majirani waingie. Tulipotaka kutoka, ufunguo ukakatikia kitasani. Mama Wazo aliutazama mlango, akatutazama sisi, akacheka hadi akakaa chini: tumejifungia ndani huku tunaomba watu waingie! Kisha akapanda kiti dirishani, akamwita Fundi Cheche, mchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa amekataa mialiko yetu yote: Fundi, tumekwama, tufungulie!

Fundi alikuja mbio. Aling'oa kitasa, akaingia, na kabla hatujamaliza kumshukuru alikuwa ameinamia ile meza, anauliza tunaishije hivi. Hapo Mama Wazo akalipata wazo. Miaka yote tulikuwa tukiwapa majirani vitu, wala hatukuwahi kuwaomba chochote. Akamwomba Fundi arudi Jumamosi na vifaa vyake, akamwomba na fundi cherehani wa jirani, kisha fundi redio, na mtaa mzima ukaambiwa ulete kilichoharibika. Zikaja pasi, viatu, viti, baiskeli. Mwisho wa mwaka wazee walikuja kukagua ukumbi wakakosa pa kukaa, na yule mfanyabiashara wa saruji mwenyewe alikuwa kwenye foleni, kakumbatia feni yake.

Jumamosi za matengenezo zinaendelea hadi leo. Fundi Cheche hakosi, na Alhamisi pia huja, ingawa maombi yakianza hutoka nje, akidai yeye na sala hawajuani.

Kwa hiyo hofu yetu ilikuwa moja: akiondoka Mama Wazo, nani atatuombea wazo lijalo? Alhamisi iliyopita alikataa katakata kuongoza. Aliketi benchi la nyuma, na sisi tukabaki kutazamana hadi mwenyekiti akaanza kukohoa. Fundi Cheche alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakutoka. Akafumba macho, akaomba kwa maneno yaleyale aliyoyasikia kutoka dirishani: Bwana, tumekwama, tufungulie. Amina ya kwanza ilitoka benchi la nyuma, na ilikuwa na kwikwi ndani yake.

Asante, Mama Wazo. Mumeo ameshatuambia nyumbani kuna milango inayolia miaka nenda rudi. Mafundi unao, waite. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na furaha tele na wajukuu. Ukitukumbuka Alhamisi yoyote, usibishe hodi. Siku hizi hatufungi.